Nyumba ya marehemu baba ilikaa sokoni miezi 26: uzi kwa anayetaka kuuza nyumba Dar

Binti_Temboni #1

Wakuu habari zenu. Wakubwa, shikamooni.

Wiki iliyopita mama mmoja jirani yangu alinionyesha tangazo la nyumba yake. Alikuwa na furaha, anasema akiuza anarudi kwao Moshi kupumzika. Nilipoiona bei, moyo ukaniuma, maana ni yetu kabisa ya mwaka 2022. Nitaenda kukaa naye. Ila nimeona niandike na hapa, kwa ndugu mwingine aliye njia hiyo hiyo.

Baba alifariki 2020. Alituacha watoto watatu na nyumba moja, Kimara Temboni, kama mita 400 kutoka barabara ya Morogoro. Kiwanja alikinunua 1994 kwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Akaanza kujenga 1996, akahamia 1999 nyumba ikiwa haina dari, uzio ukaisha 2007. Mnajua ujenzi wa namna hiyo: mshahara ukitoka, mifuko mitano ya saruji, mwezi ukiwa mzuri, nondo. Sisi watoto tumebeba maji kwa ndoo kumwagilia tofali za nyumba ile. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu ndiyo yaliyotuponza kwenye bei.

Mahakama ya Mwanzo ikaniteua msimamizi wa mirathi. Februari 2022 tukakaa kikao, kaka mkubwa akiwa kwenye simu kutoka Marekani. Kila mtu alikuja na namba yake. Kaka alipiga hesabu ya vifaa, akasema kwa saruji na nondo za sasa nyumba ile haijengwi chini ya milioni 200, bado kiwanja. Mdogo wetu alikuwa ameona tangazo la nyumba ya mtaa wa pili, milioni 300. Mimi nilikuwa nimemwita dalali, akazunguka, akagonga gonga ukuta, akasema, "Dada, hii ikishuka sana ni 280." Tukaandika 280. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyumba ya mwisho kuuzwa mtaani kwetu iliuzwa shilingi ngapi.

Wiki ya tatu akaja mteja, mfanyabiashara wa Kariakoo na mke wake. Walikuja mara tatu. Mara ya pili walikuja na fundi wao, mara ya tatu walikuja mvua inanyesha, makusudi, waone maji yanapita wapi. Akasema anatoa 185, taslimu, ndani ya wiki mbili. Kaka alichukia sana, akasema mtu huyu anatuona tuna njaa. Nikampigia nikamwambia aongeze au aache. Akanijibu kwa upole, "Haya mama, Mungu akujalie." Baada ya miezi miwili nikasikia amenunua Malamba Mawili.

Baada ya hapo simu zikapungua. Januari 2023 tukashusha hadi 250. Septemba tukashusha hadi 220. Waliokuja walitaja 150, 140, mmoja 130. Wapangaji tulikuwa tumeshawaondoa ili nyumba ionekane vizuri, kwa hiyo kodi ya 450,000 kwa mwezi ikakatika. Nyumba isiyo na mtu Dar haikai salama, tukaweka mlinzi kwa 120,000 kwa mwezi. Masika ya 2023 paa likavuja, dari ya chumba cha baba ikaanguka, tukatoa milioni 2.4. Na nyumba ikaendelea kuchoka, maana nyumba hupumua kwa watu.

Mei 2024 tumeuza 162.

Chukueni kalamu. Kati ya 185 na 162 kuna milioni 23. Kodi tuliyoikosa miezi 26 ni milioni 11.7. Mlinzi milioni 3.12. Paa 2.4. Jumla milioni 40 na ushee, ukiacha ugomvi. Kaka na mdogo wetu hawakusemeshana tangu Krismasi mpaka Pasaka kwa ajili ya bei ya nyumba ambayo hakuna mteja aliyewahi kuifikia.

Nauliza na wengine walioshauza: ninyi mlifikaje kwenye bei? Nitajibu maswali kadiri ninavyoweza.

Mwana_Mzizima #2

Pole sana dada, na Mungu amrehemu mzee. Uzi wa maana. Swali langu: kutoka 220 mlifikaje 162? Mlishusha tu kwa kuchoka, au kuna mtu aliwafungua macho?

Binti_Temboni #3

Ahsante mkuu. Februari 2024 nilichukua mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Tangu Sheria ya Uthamini ya 2016 kazi hii ina watu wake rasmi, siyo kila mwenye futi kamba ni mthamini. Nilimlipa kutoka mfukoni kwangu bila kuwaambia ndugu, nikijua watasema ni hela ya kutupa. Kwa miezi yote ile, ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote.

Alikaa nami siku nzima. Aliniambia kiwanja na jengo ni vitu viwili, vinakwenda njia tofauti. Kiwanja chetu ni mita 25 kwa 30, yaani mita za mraba 750. Akakusanya viwanja vilivyouzwa jirani, siyo vilivyotangazwa, akapata kama 110,000 kwa mita ya mraba. Hiyo ni milioni 82.5. Jengo lina mita za mraba 160. Kulijenga upya leo akaweka 750,000 kwa mita, milioni 120. Hapo ndipo kaka alipokuwa anaishia. Mthamini akaendelea: jengo lina miaka 25, mfumo wa umeme ni wa zamani, paa limechoka, choo cha ndani kimoja tu. Akatoa uchakavu robo nzima, ikabaki milioni 90. Jumla 172 na nusu, akaandika 172.

Chini ya hiyo akaandika namba nyingine, milioni 129, thamani ya kuuza haraka. Nilishtuka. Akanieleza kwamba benki huitaka namba hiyo, ni bei ya mtu asiye na muda wa kusubiri. Akasema: "Mama, wewe uko kati ya namba hizi mbili. Kila mwezi unaokaa, unasogea kwenye ile ya chini."

Niliwasomea ndugu ripoti ile kwenye simu, ukurasa kwa ukurasa. Kaka alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Uchakavu maana yake nini hasa?" Nikamwambia kaka, maana yake baba aliitumia. Alitulea humo. Ile asilimia 25 tumeshaila sisi.

Tukatangaza 170, wiki ya tano tukapata mtu wa 162.

Dalali_Ubungo #4

Mimi ni dalali mwaka wa 14 sasa, Ubungo mpaka Kibamba. Dada ameongea kwa staha sana kuhusu dalali wake. Niseme mimi mwenyewe, maana kazi hii naipenda na naumia inavyochafuliwa.

Ukimwita dalali ukamuuliza "nyumba yangu bei gani?", akikutajia bei halisi wakati mwenzake atataja ya juu, nyumba utampa mwenzake. Kwa hiyo anakutajia namba ya kukufurahisha ili apate funguo. Akishapata funguo, nyumba yako ya 280 anaifanyia kazi nyingine. Anamleta mteja kwako kwanza, mteja anaona vyumba vinne, paa la zamani, 280. Halafu anampeleka nyumba ya mtaa wa pili, vyumba vinne, vigae vipya, 190. Mteja anajiona ameokota. Nyumba yako imetumika kuuzia ya mwenzako, na hela ya kupelekwa kuona nyumba amelipwa. Usishangae wateja kuja wengi na hakuna anayetaja bei.

La pili ni cha juu. Umesema 280, dalali anatangaza 310 ili kinachozidi kiwe chake. Na chini yake kuna dalali mwingine anaongeza chake. Nimeshawahi kukuta nyumba moja ina bei nne mtandaoni, picha zile zile. Mteja akiona hivyo anajua nyumba haina mwenyewe. Andikishaneni: bei ni hii, udalali ni asilimia fulani, cha juu hakuna, na tangazo liwe moja. Dalali atakayekataa kuandika, muache.

La tatu, wenye nyumba za Mikocheni na Masaki: kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Weka shilingi. Bei ya dola ilikuwa inawadanganya wengi, shilingi ikishuka mwenye nyumba anadhani nyumba yake imepanda.

Mzee_wa_Viwanja #5

Naheshimu maneno yenu lakini mnawafundisha watu kuuza kwa hasara. Ardhi haiozi. Mimi nilinunua Bunju 2009 kwa milioni 4, leo naletewa 45 nakataa. Dada angeshika 280 yake mpaka 2030 angeipata. Waswahili tuna haraka, ndiyo maana tunanyonywa.

Binti_Temboni #6

Mzee wangu shikamoo. Kwa mtu mwenye kiwanja kitupu na asiye na shida nacho, sina ubishi na wewe. Ardhi yetu Kimara kweli imepanda. Mabasi ya Mwendokasi yalipoanza 2016 ilipanda, na barabara ya njia nane mpaka Kibaha ilipojengwa ikapanda tena. Lakini sisi hatukuuza ardhi tupu, tuliuza ardhi yenye jengo. Ardhi inapanda, jengo linazeeka, na kila mwaka tuliokaa, kimoja kilikula cha mwenzake.

Halafu kuna kitu sikukisema. Nyumba za mbele yetu, zilizotazama barabara, ndizo mwaka 2017 zilizobomolewa kuanzia Kimara mpaka Kiluvya kupisha hifadhi ya barabara. Nimeona kwa macho yangu watu waliokuwa wanakataa bei nzuri miaka ya nyuma wakiokota mabati yao. Sisi alama ya X ya kubomolewa haikutufikia, lakini wateja wote wa Kimara tangu siku hiyo wanauliza umbali kutoka barabarani kabla hawajauliza vyumba. Hilo nalo limo ndani ya bei. Hata ungejenga kwa marumaru, hofu ya mnunuzi inahesabiwa.

Mtumishi_Dom #7

Mzee wa Viwanja, ruhusa nichangie. Mimi nilikuwa na nyumba Tabata. Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza serikali kuhamia Dodoma, nilisema nitauza nikajenge huku. Niliweka 210, maana 2015 jirani aliuza 200. Sikuelewa kwamba ile 200 ilikuwa ya Dar ya 2015. Watumishi tuliokuwa tunauza tulikuwa wengi kwa wakati mmoja, na hela mtaani ilikuwa imekaza. Nimeuza 2019 kwa 135, na wakati huo kiwanja nilichokuwa nakitaka hapa Dodoma kimeshapanda mara mbili.

Ningekubali 160 niliyoletewa 2017 ningenunua kile kiwanja na kingine pembeni yake. Ukiuza ili ununue kwingine, usitazame upande mmoja tu wa hesabu.

Kaka_Hesabu #8

Niongeze upande wa mnunuzi, kwa sababu mimi ndiye mnunuzi, natafuta nyumba mwaka wa pili.

Nikiletewa nyumba ya 280 swali langu la kwanza ni: inapangishwa ngapi? Dada amesema 450,000. Hiyo ni milioni 5.4 kwa mwaka. Hati fungani za serikali za miaka 25, yaani unaikopesha serikali, zile zenye riba ya asilimia 12.56, kwa milioni 160 tu zinanipa zaidi ya milioni 20 kwa mwaka nikiwa nimelala. Simaanishi watu wasinunue nyumba. Nyumba nataka ya kuishi na wanangu, na ardhi inapanda, na hilo nalipia kwa moyo mmoja. Lakini mwenye nyumba ajue kwamba mtu mwenye taslimu ana pa kuipeleka. Hakai anakusubiri.

Na jingine: nyumba isiyo na hati siwezi kuiombea mkopo benki. Ukiwa na karatasi ya serikali ya mtaa tu, umeshawaondoa wote wanaonunua kwa mkopo, unabaki na sisi wachache wa taslimu, na tunajua tuko wachache. Ndiyo maana tunataja bei tunazotaja.

Binti_Temboni #9

Kaka_Hesabu umegusa penyewe. Eneo letu lilirasimishwa, ramani zilishatoka, hati tungeipata kwa kulipia na kufuatilia. Baba alisema atafuatilia. Tukasema tutafuatilia. Aliyenunua amefuatilia yeye. Kwa mwenye leseni ya makazi iliyokwisha muda au karatasi ya mauziano tu, nenda halmashauri ukaulize kabla hujapiga picha za tangazo.

Fundi_Mwiko #10

Kwa upande wa ufundi. Watu wengi wakitaka kuuza wananiita niwapambie nyumba ili wapandishe bei. Naomba niseme ukweli hata kama unanipunguzia kazi.

Dari za jipsamu za milioni tano hazikurudishii milioni tano. Mnunuzi atakuja na ladha yake, atazibomoa. Anachokilipia ni hivi: gari linafika mlangoni? Maji ya DAWASA yanatoka au ni ya kununua kwenye boza? Umeme ni wa kwake au kaungiwa kwa jirani? Shimo la choo limejaa? Mvua ikinyesha maji yanaingia uani? Gari kufika mlangoni peke yake Dar ni bei. Nimeona nyumba mbili pacha, moja lazima upite kichochoro cha miguu, ikauzwa pungufu kwa robo.

Kabla ya kuuza ziba panapovuja, paka rangi nyeupe ya kawaida, rekebisha milango inayokwama, fyeka, ondoa vifusi. Basi. Ufa usiuzibe kwa rangi ukauficha. Fundi wa mnunuzi ataupata, na akipata mmoja uliofichwa atamwambia tajiri yake kuna kumi. Hapo bei inaanguka kuliko ungeuonyesha mwenyewe.

Bi_Sheria #11

Salaam wote. Mimi ni wakili. Kuna hela inayosahaulika wakati wa kupanga bei, halafu siku ya kusaini watu wanalia ofisini kwangu.

Bei ya kwenye tangazo siyo utakayoenda nayo nyumbani. Kuna kodi ya faida inayopatikana kwa kuuza mali, wengi mnaiita kapitali geini, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Faida ni bei ya kuuza ukitoa gharama ulizoweza kuthibitisha. Asiye na kumbukumbu za gharama, tangu mabadiliko ya 2023, hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Tunza risiti. Za saruji, za mabati, za fundi, zote. Nyumba uliyoishi mwenyewe ina nafuu yake kwa masharti, kaulize ofisi ya kodi kabla hujataja bei kwa mtu yeyote. Weka na udalali. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi, lakini naye anautoa kwenye mfuko ule ule, kwa hiyo atakupunguzia.

Wapo watu kwenye mitaa wanaodai asilimia 10 ya bei ili washuhudie mauziano. Kabla hujatoa, omba uonyeshwe kifungu cha sheria, na udai risiti.

Pia kama mna ndoa, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Sheria ya Ndoa ya 1971 iko wazi, kifungu cha 59. Mnunuzi anayejua sheria akiona mke hayupo kwenye mazungumzo, ama anaondoka ama anashusha bei kwa ajili ya hatari anayoibeba. Kwa mirathi, msimamizi awe ameteuliwa na ndugu waandike kukubali bei. Nimeona nyumba ya bei nzuri kabisa ikikosa mnunuzi kwa sababu shangazi mmoja alikuwa anapiga simu kwa wateja.

Kwa mwenye nyumba iliyowekwa dhamana na sasa inapigwa mnada: Sheria ya Ardhi, kifungu cha 133, inasema ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya nyumba zinazofanana sokoni, mkopeshaji atachukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Sasa utajuaje imeuzwa chini kama hukuwahi kujua bei ya soko? Hapo tena mthamini anahitajika.

Mama_Wawili_Goba #12

Jamani mimi nimesoma mpaka hapa mikono inatetemeka. Niko Goba, nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja mita 20 kwa 25, hati ninayo. Mume wangu ameugua, tunahitaji hela ya matibabu na ya kuanzia maisha madogo. Tumeweka 220 tangu mwezi wa pili, wamekuja watu kama 20. Wawili tu wametaja bei, 135 na 140. Nikawaona hawana utu. Nimekosea wapi? Hela ya mthamini kwa sasa sina.

Binti_Temboni #13

Pole sana dada yangu, Mungu amponye shemeji. Hukukosea peke yako, wote tumepita hapo.

Bila mthamini, fanya hivi. Usiulize mtu anauza bei gani, uliza nani *aliuza* na alipokea ngapi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wako, hao wamesaini kama mashahidi. Nenda kwa waliohamia karibuni, kawakaribishe mtaani, ukikaa nao kwa heshima watakuambia. Tafuta nyumba tatu zinazofanana na yako, zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja. Moja ikiwa na bei ya ajabu, uliza kwa nini, huenda ilikuwa ya ndugu kwa ndugu.

Halafu wale watu 20 usiwaone hawana utu. Wamekupa jibu bila kukulipisha. Ingekuwa hawaji kabisa, ningesema dalali anaificha nyumba au picha ni mbaya. Lakini wanakuja, wanaona, wanaondoka kimya. Mtu akiona pengo ni dogo atataja ya kwake mkavutana. Akiona pengo ni la milioni 80 anaona haya hata kufungua mdomo. Na wale wawili waliofungua wametofautiana milioni tano tu, bila kujuana.

Dalali_Ubungo #14

Mama, hati unayo, hiyo ni nguvu kubwa. Iweke mstari wa kwanza wa tangazo. Na kama tangazo lina neno "bei ya maelewano" kwenye 220, liondoe. Mteja akiona maelewano anasoma kwamba hata wewe huiamini.

Tangazo la sasa lifute kabisa, pumzika wiki mbili tatu, piga picha mpya asubuhi. Nyumba iliyokaa sokoni muda mrefu watu wanaanza kuuliza ina nini, kuna kesi, kuna mashetani. Ukirudi, rudi na bei ambayo mtu wa 140 ataona anaweza kuifikia.

Mzee_wa_Viwanja #15

Mama Goba, mimi niliyebisha hapo juu nakuambia tofauti. Mgonjwa hasubiri 2030. Mimi nina nafasi ya kusubiri, wewe huna, na mali ya mtu ni kwa ajili ya siku kama hizi. Uza. Ila usimwambie mnunuzi habari za ugonjwa, atakukamua.

Mwana_Mzizima #16

Na wakija na malipo ya awamu? Wengi sasa wanataka kulipa nusu, nyingine miezi sita.

Bi_Sheria #17

Awamu ni bei nyingine, siyo bei ile ile. Kama taslimu ni 145, ya awamu kwa mwaka isiwe chini ya 158 au 160, maana unamkopesha wewe. Funguo na hati zisitoke kabla ya awamu ya mwisho, na mkataba useme akishindwa kumalizia inakuwaje. Kwa Mama Goba mwenye mgonjwa, taslimu pungufu ni bora kuliko awamu nene.

Mama_Wawili_Goba #18

Ndugu zangu nimerudi, wiki tatu zimepita. Nilifanya kama mlivyosema. Mwenyekiti alinisaidia, amenipa za kweli mbili: moja iliuzwa 150 mwezi wa nne, haina hati, lakini iko barabarani. Nyingine 138, haina uzio. Ya tatu niliipata kwa jirani mpya, alinunua 147 na alinionyesha mpaka karatasi. Nilirudi nyumbani nikalia kidogo, halafu nikamweleza mume wangu. Akasema, "Mama, hata mimi nilijua, niliogopa kukuambia."

Tumetangaza 155 Jumatatu, shilingi, hati mstari wa kwanza, dalali mmoja kwa maandishi. Jumatano alikuja yule yule wa 140 wa mwanzo. Hakujua ni nyumba ile ile mpaka alipofika getini. Ametaja 144, nimemwambia 150. Amesema anaongea na mke wake, anarudi Jumapili baada ya ibada.

Binti_Temboni #19

Dada, Jumapili mume wako akiweza kukaa, awepo mezani mnapoongea, mnunuzi aone ridhaa ipo. Na muulize taslimu ni yote kwa pamoja au vipi kabla hujashuka hata milioni moja. Mimi kesho jioni naenda kwa yule mama jirani yangu. Nitambebea ripoti yetu ya mthamini aisome mwenyewe, ukurasa wa uchakavu nimeshaukunja.